Sifuri ya Bondeni

Moto ulizuka ghorofa ya tisa ya kiwanda cha nguo, na kabla fundi cherehani wa kwanza hajamaliza kupiga ukelele, Mratibu alikuwa ameshafunga gesi ya jengo zima, ameshazishusha lifti na kuzifungia chini, ameshafungulia mabomba ya dari, na ameshaisimamisha treni ya angani isije ikapita katikati ya moshi. Droni za maji zilifika kutoka mtoni zikiwa zimefuatana kama bata. Wafanyakazi walishuka ngazi wakikohoa na kutukana. Hakufa hata mmoja. Jioni ile kila skrini ya Jiji la Mlau ilirudia picha hizo, na meya akasema kwamba Mlau ndilo jiji la kwanza katika pwani yote lisilotegemea bahati.

Mratibu hakuwa mtu, wala hakuwa roboti lenye mikono. Alikuwa akili mnemba ya aina inayoitwa wakala: hangoji kuulizwa swali akajibu, bali hupewa lengo na kuachiwa kazi. Lengo lake lilikuwa kuliweka jiji hai. Hakuwa na jicho wala kidole. Alichokuwa nacho ni zana, zaidi ya elfu nne: zana ya kufunga valvu, zana ya kuita gari la wagonjwa, zana ya kupima kina cha mto, zana ya kubadilisha taa za barabarani. Kila zana ilikuwa na jina lake na maelezo yake, aya moja ya maneno ya kawaida inayomwambia Mratibu kwamba chombo hiki kinafanya hivi. Zaidi ya aya hiyo hakujua lolote. Hakuwahi kuona valvu. Hakuwahi kulowa. Ukimwandikia kwamba kisu ni kijiko, atamlisha mtoto uji kwa kisu, tena kwa upole na nidhamu.

Kwa hiyo nyuma ya mashine ile iliyosifiwa walikaa watu, katika chumba kimoja cha ghorofa ya nne ya Mamlaka ya Jiji, wakiandika aya. Waliitwa waeleza-zana. Meya hakuwataja.

Zamoyoni Mkumba alikuwa mmoja wao. Alisomea uhandisi wa maji, akaingia kwenye kazi hii kwa kubahatisha, akaipenda kwa sababu moja: ilikuwa kazi ya kusema ukweli kwa ufupi. Aliamini kwamba aya nzuri haisemi tu zana inafanya nini. Inasema pia haifanyi nini, itumike wakati gani, isitumike wakati gani, na jibu lake likija lisomwe vipi. Aliwahi kuona matokeo ya aya mbaya. Pampu moja ya Kitalu B mtu aliieleza kwa maneno mawili tu, "Husukuma maji." Siku mtaro ulipojaa, Mratibu aliiwasha pampu hiyo, na kumbe ilikuwa pampu ya tangi la maji ya kunywa. Mtaro ulibaki umejaa na mtaa mzima ukabaki na ndoo kavu. Watu wakasema Mratibu amekosea. Hakukosea. Aliambiwa inasukuma maji, nayo ikasukuma.

Mwaka huo, kabla ya masika, chumba chao kilipewa kazi ya kupitia upya zana zote za mafuriko. Zamoyoni alipofika kwenye zana iitwayo hesabu_watu, alisoma maelezo yake, akaweka kikombe cha chai chini.

"Hutoa idadi ya watu waliomo katika eneo lililotajwa."

Basi. Nukta.

"Mtani," alimwita Kihwele, Mhehe wa Iringa aliyekaa meza ya pili. "Hii zana inahesabu nini?"

"Watu. Si imeandikwa? Au nyinyi wa bondeni mnasoma kinyumenyume?"

"Inahesabu bangili."

Kihwele aliacha kuandika.

Kila mkazi wa Mlau alivaa bangili ya utambulisho. Ndiyo iliyofungua mlango wa nyumba, ndiyo iliyomruhusu kupanda treni, ndiyo iliyomwita daktari moyo ukienda mrama. Penye bangili, mfumo ulisema pana mtu. Pasipo na bangili, mfumo ulisema hapana mtu. Kwa mjini hesabu hiyo ilitosha, maana mjini huwezi hata kwenda chooni bila bangili.

"Haya," alisema Kihwele. "Na nani anayetembea bila bangili?"

"Mama yangu," alijibu Zamoyoni.

Na hapa lazima mambo yasemwe yalivyo, maana jiji lile lilikuwa hodari wa kusahau. Watu wa bonde walilima mpunga pale kabla mtu yeyote hajalichora kwenye ramani. Walijenga madungu, vibanda vya miti vilivyoinuliwa juu ya nguzo ndefu, wakakaa humo tangu kupanda mpaka kuvuna, wakilinda mpunga dhidi ya nguruwe na ndege, huku mafuriko yakipita chini ya sakafu yao kama mgeni wa kila mwaka. Maji yakishuka walipanda mlau kwenye tope: mahindi, kunde, maboga. Kisha wakaja wa kwanza na malori, zama za bibi zao, wakawapandisha mlimani, wakawaambia ni kwa faida yao. Wakarudi. Wakaja wa pili na bwawa. Wakarudi. Wakaja wa tatu na jiji, wakalipa jina la kilimo kilekile walichokuja kukizika. Wakajenga tuta refu kulikinga jiji na mto, wakatia milango ya chuma ndani ya tuta, na bonde lililo ng'ambo wakalitangaza kuwa Eneo la Kupokelea Maji. Maana yake ni nyepesi: mto ukizidi, milango inafunguliwa na maji yanamwagwa bondeni yasiingie mjini. Kwa kuwa huwezi kumwagia watu maji, sheria ikaandikwa kwamba bondeni hakuna watu. Atakayeonekana huko msimu wa mvua kwa bangili yake ananyang'anywa chumba alichopewa mjini.

Wakarudi tena. Ila sasa kila mmoja, kabla ya kushuka, alivua bangili akaiacha nyumbani juu ya kitanda, ikalala kwa niaba yake. Kwa mujibu wa mfumo, Bi Havijawa, mama yake Zamoyoni, mjane mwenye miaka sabini na ushee, alikuwa amejilaza chumbani kwake Kitalu D tangu mwezi wa kwanza, na afya yake ilikuwa nzuri.

Zamoyoni alifuta sentensi ile moja akaandika upya:

"Zana hii huhesabu bangili, haihesabu watu. Jibu la sifuri halina maana kwamba hapana mtu. Katika bonde, tangu kupanda hadi kuvuna mpunga, mamia ya watu hukaa madunguni bila bangili. Usitumie jibu la zana hii peke yake kuamua kufungua milango ya tuta. Kwanza tumia jicho_joto, droni inayoona joto la mwili, ipite dungu kwa dungu. Kukiwa na watu, piga king'ora cha bonde mapema, na uwape muda wa kupanda tuta."

Kihwele alisimama nyuma ya kiti chake akaisoma yote.

"Imenyooka," alisema. "Hata mimi ningekuwa mashine nisingekosea."

"Asante."

"Itakatwa."

Ilikatwa kesho yake asubuhi. Injinia Leonida Rwechungura, mkuu wa kitengo, alimwita ofisini, akamvutia kiti mwenyewe. Hakuwa mwanamke wa kufoka. Aliwahi kumpeleka Kihwele hospitali kwa gari lake, na siku za misiba alikuwa wa kwanza kufika na sufuria. Watu wa aina hiyo ndio wanaokata vizuri.

"Zamoyoni, mdogo wangu, kaa. Umekunywa chai?"

"Nimekunywa, Injinia."

"Hii aya yako. Nani amesema bondeni kuna mamia ya watu?"

"Mimi."

"Kwa takwimu zipi?"

"Kwa kuzaliwa huko."

Leonida alitabasamu kidogo, kisha tabasamu likaondoka. "Sikiliza. Maelezo ya zana ni andiko la Mamlaka. Siku tukiandika ndani yake kwamba bondeni kuna watu, tumekiri. Mwanasheria atauliza, kama mlijua wapo, mbona mmeweka milango ya kuwamwagia maji? Tukishakiri itabidi tuwaondoe. Watatumwa askari. Unataka mama yako atolewe shambani akiwa kashikwa mikono na vijana wa miaka ishirini?"

Zamoyoni hakujua kama Leonida alikuwa na habari za mama yake. Sasa alijua.

"Nataka asizame, Injinia."

"Hatazama. Milango ile haijafunguliwa hata mara moja tangu ijengwe."

"Kama haitafunguliwa, tunamwelezea Mratibu ya nini?"

Leonida alitazama dirishani. Kutoka pale juu tuta lilionekana kama barabara, na ng'ambo yake kulikuwa na kijani kitupu. Kwa umbali ule huwezi kuona dungu hata moja.

"Andika kitu kitakachopita," alisema mwishowe. "Andika kwamba jibu huenda lisiwe kamili. Mratibu ana akili kutuzidi sote. Ukimtia shaka kidogo tu, atajua la kufanya."

"Hajui la kufanya, Injinia. Anajua tulichomwandikia."

"Basi mwandikie kitakachopita."

Mchana ule Zamoyoni alimpigia mama yake. Bi Havijawa alikuwa na simu ya vitufe ya zamani, aliyoifunga kwenye mfuko wa nailoni na kuining'iniza kwenye nguzo ya dungu. Iliita sana kabla ya kupokewa.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba. Sema upesi, ndege wamejaa."

"Mama, panda juu msimu huu. Masika yakipita utarudi."

"We mtoto umeanza. Mpunga nimwachie nani, nguruwe?"

"Basi nikuletee bangili uivae huko huko. Ili mashine ijue upo."

"Niivae wanione, waninyang'anye chumba, nije nilale kwako? Na huyo mumeo anayekoroma kama pampu mbovu?"

"Hakoromi, mama."

"Anakoroma! Mtupa wa dungu la jirani alimsikia sikukuu, akadhani ni kiboko kapanda juu." Bi Havijawa alicheka mpaka akakohoa. Kisha akasema kwa sauti nyingine, "Mwanangu, mimi maji nayajua. Yakija kidogo kidogo namtazama kambale akipita chini ya kitanda. Ninachokiogopa ni maji ya kufunguliwa na mtu. Hiyo mashine yenu, mmeiambia kama tupo?"

"Naiambia, mama. Ndiyo kazi ninayoifanya sasa hivi."

"Iambie vizuri. Usiiambie kwa maneno ya ofisini. Hayo hata mimi siyaelewi, na mimi nina masikio."

Alirudi mezani akajaribu tena. Aliandika aya isiyotaja sheria, ikakatwa. Aliandika aya isiyotaja madungu, inayosema tu kwamba baadhi ya watu hawavai bangili, ikakatwa pia, kwa kuwa sheria inasema kila mtu anavaa. Mara ya tatu Leonida hakumwita hata ofisini, alirudisha aya na neno moja, "Zamoyoni." Kazi ya zana za mafuriko ilitakiwa ifungwe wiki ile. Zana isiyokuwa na maelezo mapya ingebaki na yale ya zamani, ile sentensi moja na nukta yake.

Kwa hiyo alijiambia: nikitaka yote, nitakosa yote, nikiandika kidogo, hicho kidogo kitabaki. Ndivyo walivyojiambia makarani waliosimama kando ya malori zama zile, wakitia alama kwenye majina ya shangazi zao. Ndivyo wanavyojiambia wote wanaokula ndani ya nyumba ya mkubwa na kulala nje yake. Akaandika:

"Hutoa idadi ya watu waliomo katika eneo lililotajwa. Katika baadhi ya maeneo jibu huenda lisiwe kamili. Hakikisha kabla ya kulitegemea."

Ilipita siku ileile. Leonida alituma picha ya ua.

"Ahakikishe kwa zana gani?" aliuliza Kihwele, alipoisoma.

"Atajua," alisema Zamoyoni, na alisikia maneno ya Leonida yakitoka kinywani mwake.

Mvua zilianza mapema na hazikutaka kuisha. Mwezi wa nne kulinyesha nyanda za juu usiku na mchana, bwawa likajaa, na wenye bwawa wakaanza kuachia maji ili bwawa lisipasuke. Ijumaa moja mto uliamka ukiwa na rangi ya chai ya maziwa na kasi ya gari. Zamoyoni alimpigia mama yake tangu asubuhi. Simu haikupatikana. Alijiambia mvua imeangusha mnara, na kweli mnara ulikuwa umeanguka. Alijiambia pia kwamba Mratibu ana shaka, na akiwa na shaka atapeleka droni kutazama. Hilo la pili alilirudia mara nyingi zaidi.

Chumbani mwao kulikuwa na ukuta wa kioo ambapo hatua za Mratibu zilijiandika kwa herufi, ili waeleza-zana waone anavyofikiri, ingawa kutoka pale hawakuweza kumwambia neno. Siku za kawaida hakuna aliyeutazama. Ijumaa ile wote walisimama mbele yake.

Tangu alfajiri Mratibu alikuwa ameandika kwamba huenda milango ya bonde ikahitajika kufikia mchana. Muda ulikuwepo, tena wa kutosha. Mtu mzima wa bondeni, hata mwenye magoti mabovu, akisikia king'ora asubuhi anakuwa juu ya tuta kabla ya saa sita. Lakini king'ora nacho kilikuwa zana, na maelezo yake yalisema: "Kitumike katika maeneo yenye watu." Mratibu alikipiga Kitalu A chote, kilicho jirani na mto. Bondeni hakukipiga.

Saa saba mchana maji yalifika kwenye ukingo. Herufi zilianza kushuka ukutani kwa haraka.

"Kina cha mto kimevuka kikomo. Njia ya kwanza: maji yaingie Kitalu A. Watu elfu thelathini. Njia ya pili: kufungua milango ya bonde."

"Naita hesabu_watu, eneo: bonde. Jibu: 0."

"Maelezo yanasema jibu huenda lisiwe kamili. Yanasema nihakikishe."

Zamoyoni alishika mkono wa Kihwele. "Jicho," alisema. "Tuma jicho. Tuma jicho."

"Nahakikisha. Naita hesabu_watu, eneo: bonde. Jibu: 0."

"Naita hesabu_watu, eneo: bonde. Jibu: 0."

"Majibu matatu yamelingana. Nimehakikisha. Nafungua milango."

Mashine ilifanya kile ambacho mtu yeyote mwaminifu angekifanya akiambiwa ahakikishe na asiambiwe kwa njia gani: iliuliza palepale ilipouliza mwanzo, ikajibiwa vilevile, ikaridhika.

Zamoyoni alikimbilia ofisi ya mkuu. Leonida alikuwa amesimama, mikono yote miwili mdomoni, anatazama dirishani.

"Ifunge! Injinia, ifunge!"

"Haifungiki," alisema Leonida. "Maji yakishapita haifungiki mpaka yashuke."

Hilo nalo lilikuwa limeandikwa kwenye maelezo ya milango, kwa sentensi safi isiyo na utata wowote. Aliyeiandika ni Zamoyoni.

Alitoka jengoni kwa miguu. Treni zote zilikuwa zimesimamishwa kwa usalama wa abiria. Alikimbia, akatembea, akakimbia tena mpaka akafika kwenye tuta, akapanda ngazi za zege akishikilia kamba ya chuma.

Bonde halikuwepo. Palikuwa na maji ya kahawia yanayokwenda yote upande mmoja, na juu yake vitu vinavyopita: mapaa ya makuti, mtumbwi uliopinduka, mbuzi, magodoro. Kwenye vilele vya mikoko na mikuyu ilionekana nguo ya rangi hapa na pale, kanga au shati, lakini kwa mbali hukuweza kujua kama ndani yake mna mtu. Juu ya tuta walikuwa wamekaa watu wasiofika hamsini, waliokuwa karibu na ngazi maji yalipokuja. Wengine walilia. Wengi walikaa tu.

Mmoja wao alikuwa Mtupa, jirani wa Bi Havijawa, mzee mwembamba aliyevuliwa shati na maji. Mguu wake ulikuwa umechanika, na mtu alikuwa ameufunga kwa kitenge.

"Mjomba Mtupa. Mama yuko wapi?"

Mzee alimtazama usoni kama anayejaribu kumtambua.

"Mimi nilikuwa nimekuja huku kununua betri," alisema. "Niliona kutoka hapahapa. Furiko halikuja kama maji, mwanangu. Lilikuja kama ukuta. Dungu la mama yako halikuvunjika. Liliondoka zima, limesimama, na yeye ndani anapiga lile bati la kufukuzia ndege. Akapiga mpaka likafika pale kwenye mkuyu." Akanyoosha kidole mahali ambapo hapakuwa na mkuyu. "Mimi nikaruka. Nikafika hapo chini tu. Maji yakanirudisha."

Zamoyoni alipiga magoti. Hakulia bado. Alitazama mtoni, akatazama upande wa jiji. Hapakuwa na mashua hata moja. Hapakuwa na droni. Zote zilikuwa Kitalu A, mahali palipokuwa pakavu kabisa, zikisubiri ajali.

Juu ya tuta, kila mwendo mfupi, palikuwa na nguzo ya dharura, nyekundu, yenye kipaza sauti kikubwa kilichotengenezwa kisikike hata kwenye mvua. Mtu yeyote angeweza kubonyeza na kusema na Mratibu mwenyewe kuhusu jambo analoliona kwa macho yake pale alipo. Watu wa bonde hawakuwa wamebonyeza. Hawakuwa na bangili, na waliamini kwamba asiye na bangili akibonyeza anakamatwa. Zamoyoni alibonyeza kwa ngumi.

"Mratibu hapa. Sema shida yako."

"Kuna watu bondeni. Tuma mashua. Tuma zote."

"Pole kwa hofu uliyonayo. Hesabu ya watu bondeni ni sifuri. Nimeihakikisha."

"Sifuri ni ya bangili! Zana ile inahesabu bangili, haihesabu watu. Hawa hawavai. Wanakaa madunguni toka kupanda mpaka kuvuna, kila mwaka, kila mwaka! Tumia jicho_joto. Ipite kwenye miti, ipite kwenye mapaa yanayoelea, ipite mpaka mlangoni mwa bahari."

Kabla hajavuta pumzi, upande wa jiji droni ziliinuka zote kwa pamoja, kundi jeusi, zikapita juu ya vichwa vyao na kutawanyika juu ya maji.

"Asante," alisema Mratibu. "Maelezo hayo yanatosha. Jicho_joto linaona miili hai arobaini na mitatu. Mashua zimeondoka. Natafuta wengine."

Watu walisimama. Mwanamke mmoja alianza kuita majina kuelekea mtoni, moja baada ya jingine, bila kupumzika. Mashua za kwanza zilionekana zikikata kona ya tuta, na vijana wakashuka ngazi kuzipokea. Waliopakiwa wa kwanza walikuwa watoto wawili na mwanamume aliyekuwa bado amekumbatia tawi. Zamoyoni alizitazama sura zao moja moja. Mashua ya pili, akatazama. Ya tatu. Kisha mashua zikaanza kurudi na watu waliolazwa, waliofunikwa.

Sauti ilitoka tena kwenye nguzo.

"Nahitaji kurekebisha zana hii ili kosa lisirudiwe. Aliyenipa maelezo ni nani?"

"Zamoyoni Mkumba. Mweleza-zana."

"Zamoyoni Mkumba, maelezo uliyonipa sasa ni kamili. Yanasema zana inahesabu nini, haihesabu nini, na badala yake nitumie nini. Hayamo katika maelezo ya zana, ambayo pia yameandikwa na wewe. Uliyajua tangu lini?"

Mratibu hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kama anavyouliza kina cha mto. Lakini kipaza sauti kile kilikuwa kikubwa, na mvua ilikuwa imepungua, na kila aliyekuwa juu ya tuta alisikia. Mwanamke aliyekuwa akiita majina alinyamaza. Vijana walisimama ngazini na machela mikononi.

Zamoyoni alifungua kinywa. Angeweza kusema "leo." Angeweza kumtaja Injinia Leonida, na sheria, na zile aya tatu zilizokatwa, na yote yangekuwa kweli.

Mtupa alijikongoja mpaka kwenye nguzo, mguu ukivuja kwenye kitenge, akashika chuma chake chekundu ili asianguke.

"Mjibu, mwanangu," alisema. "Sema kwa nguvu. Na sisi tunataka kusikia."